Pembe Bubu ya Jiko la Gesi

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Alhamdulillahi. Jiko limekamilika! Mitungi minne ya gesi uani, bomba la shaba linapenya ukutani, na upande wa pili majiko sita yamejipanga kama masheikh kwenye maulidi. Mji mzima wa Palma hakuna jingine. Labda kule kambini kwa wazungu wanaochimba gesi. Lakini wao hawajui pilau.

Yusra wangu anaolewa Ijumaa. Binti wa pekee. Harusi ya kwanza katika nyumba hii tangu turudi; miaka ile tuliyokuwa wakimbizi, waliolala humu ni popo. Nimeapa mbele ya ukoo kwamba chakula cha harusi nitapika mwenyewe, kwa gesi, bila kijiti hata kimoja cha kuni.

Mwanawetu, mke wangu, hakuapa. Yeye anataka apike Ussi. Ussi ni kaka yake, mjomba wa bibi harusi, na ndiye mpishi wa shughuli zote za mji huu. Anapika kwa kuni, kwa moshi na kwa majigambo. Mwanawetu kasema mambo yakiharibika mbele ya wakwe wanaokuja kutoka Quionga nisimtafute, atakuwa kwa kaka yake. Kanikumbusha kiwanda changu cha barafu. Kanikumbusha na kuku. Nimemwambia kuku walikufa kwa kudra ya Mungu. Kaniuliza kama na barafu nayo iliyeyuka kwa kudra.

Jioni kaja jirani yetu wa ng'ambo ya njia, Dona Lígia. Ni bombeira, mzimamoto, kaletwa huku kikazi kutoka Inhambane. Ananiita vizinho, yaani jirani, na kila akilitamka neno hilo najua kuna jambo limemuudhi. Kasema ameliona bomba langu kutoka dirishani kwake na hatalala mpaka aliwekee valvu. Kaja na valvu yake na spana zake. Mtu mwema. Nimemshukuru, ingawa valvu yenyewe inaharibu sura ya ukuta: kidude cha shaba chenye pembe mbili zinazotazama juu, kama kichwa cha mbuzi.

Kaeleza. Gesi ikizidi nguvu ndani ya bomba, pembe ya kushoto inafunguka yenyewe, inapumua, inajifunga. Pembe ya kulia nayo ina kazi yake. Hapo sikusikia vizuri. Ussi alikuwa anapita nje na mkokoteni wa mapipa, akijifanya hatazami. Nikaenda kusimama mlangoni ili aone vizuri kile asichotazama.

Mwisho Dona Lígia kanisihi nihamishe mitungi kivulini. Nimesema ndiyo. Lakini kivulini haionekani barabarani!

Jumanne, 4 Novemba

Jua la kupasua vichwa. Adhuhuri nimekaa uani nalitazama jiko langu kwa mahaba. Mara nasikia: ssss. Nimegeuka. Hakuna mtu. Tena: ssss.

Ni valvu. Pembe ya kushoto. Inanisonya!

Kitu nilichokikaribisha nyumbani kwangu, nikakipa ukuta, kinanisonya mchana kweupe kama mke mwenza. Kimenisonya mpaka jua lilipopinda. Na kila msonyo ni gesi yangu inakwenda mbinguni bila kupika hata chapati.

Baya zaidi: Ussi kasikia. Ameweka mapipa yake matatu nyuma ya ua wetu wa makuti, akayajaza maji mpaka juu. Kayaweka ili kunikera tu, mimi namjua. Kachungulia akaniuliza, shemeji, umefuga nyoka? Nimemjibu ni mtambo unavuta pumzi. Kasema yeye kuni zake zikishapangwa hazipumui, zinangoja kuamriwa. Kacheka peke yake mpaka kwake.

Ningemwita Dona Lígia. Lakini atauliza habari ya kivuli.

Nimekumbuka marehemu baba. Baba alikuwa fundi wa kukalafati mashua: anachukua pamba, anailoweka mafuta ya papa, anaisindilia kwenye nyufa za mbao kwa patasi na nyundo, mpaka maji yanakata tamaa. Ninazo patasi zake hadi leo. Sasa, kama pamba na mafuta ya papa vinaizuia bahari, bahari nzima, vitashindwaje na kapembe ka shaba?

Fikra nzuri huja kwa mtu aliyetulia. Namshukuru Mungu kwa kunipa utulivu.

Jumatano, 5 Novemba

Asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, nimeikalafati pembe ya kushoto. Mshindo, mshindo, mshindo. Kazi safi! Baba angelia. Ile ya kulia nimeichungulia: ndani kuna kipande cha madini laini, kimeziba, hakifanyi lolote. Pembe bubu. Pambo tu. Nimeiacha na ububu wake.

Adhuhuri: kimya. Hakuna msonyo. Nimekunywa chai nikiwa nimekunja nne.

Alasiri: paka.

Kwanza mmoja, akakaa chini ya valvu akitazama juu kwa heshima. Kisha ndugu zake. Kisha mtaa mzima. Hata yule wa msikitini, ambaye huwa hajichanganyi na watu. Nimewafukuza kwa kiatu, wamerudi na kiatu. Mafuta ya papa yamepata jua, yameanza kutiririka ukutani, na uvundo wake, ya Rabi, unaingia jikoni, chumbani, mpaka kwenye sanduku la nguo za bibi harusi.

Mwanawetu katoka kajifunika pua kwa ushungi. Kaniuliza kama papa amekuja kufia kwetu. Kanikumbusha kwamba kesho wanafika wakwe wa Quionga, na shangazi za bwana harusi ni watu ambao huingia nyumba ya watu kwa pua kwanza. Yusra kalia kidogo. Kasema, baba, nitanuka papa mbele ya Anuar. Nimemwambia Anuar ni mtoto wa wavuvi, atajisikia yuko nyumbani. Haikusaidia.

Ussi kapita. Kavuta pumzi tu, ndefu, akanipa pole ya msiba.

Nitalitatua jambo hili. Nina usiku mzima wa kufikiri na, alhamdulillahi, usingizi siupati kwa uvundo.

Alhamisi, 6 Novemba

Naandika nikiwa nimekaa barazani kwa Ussi. Ndiyo. Kwa Ussi.

Nianze mwanzo. Nguo za bibi harusi zikinuka, tunafanyaje? Tunazifukiza udi. Tunaweka chetezo chini, tenga juu yake, tunatandaza nguo juu ya tenga, moshi unaingia kwenye nyuzi, nguo inanukia hata baada ya wiki. Hata mtoto anajua. Basi nikajiuliza: kama udi unaitakasa hariri, kwa nini usiitakase valvu?

Baada ya sala ya adhuhuri nikapanga. Chetezo chenye makaa chini ya bomba, pale pale kwenye mitungi, mafuta yanapochuruzika. Tenga juu. Juu ya tenga nikatandaza kanga ya Mwanawetu, ile doti mpya ya harusi, maana udi una adabu yake, haufukizwi kwenye matambara. Nikaifunga kanga mpaka juu kwenye pembe ili moshi usipotee. Ikapendeza. Ilikaa kama mwali ndani. Nikaenda barazani kuwangoja wakwe.

Jikoni, nyuma ya ukuta huo huo, walikuwemo Mwanawetu na wanawake wa mtaa, wanamenya vitunguu na kuimba. Yusra yuko chumbani, mikono na miguu ina hina mbichi.

Wakwe wamefika kwa lori. Nimenyanyuka, nimefungua mdomo kusema karibuni. Mmoja wa shangazi kaingiza pua mbele, akasema mashallah, mnafukiza udi. Nikajua nimeshinda. Akavuta tena. Akasema: na kitu kingine.

Nimegeuka. Juu ya paa, moshi mweusi.

Uani nimekuta kanga inawaka, tenga linawaka, mafuta ya papa yanawaka ukutani kama utambi, na moto unalamba mitungi. Ua wa makuti ulikuwa unasubiri zamu yake. Sikufikiri. Mimi ambaye siku zote nafikiri! Nimekimbilia jikoni nikimwita mke wangu kwa jina, Mwanawetu, Mwanawetu, mbele za watu, kitu ambacho sijafanya tangu Yusra azaliwe. Wanawake wakaacha kuimba. Mwanawetu alinitazama usoni mara moja tu, akatupa kisu, akawasukuma wenzake mbele yake mpaka wa mwisho. Yusra katoka kainua mikono yake ya hina juu, vidole vimepanuka, anakimbia kama mtu aliyesalimu amri.

Tukiwa tunaingia barabarani, kikasikika kishindo. Si cha kupasuka. Ni cha kunguruma, kama simba akipiga miayo.

Ile pembe bubu imesema.

Ulimi wa moto umetoka juu ya ukuta, wima, mwembamba, wa buluu kwa chini na wa manjano kwa juu, ukapanda kuliko mnazi wa jirani. Juu tu! Haukugusa paa, haukugusa mtu. Barabarani wanawake waliotoka kupokea wageni, wasiojua lolote, wakapiga vigelegele. Wakwe wa Quionga wakapiga makofi. Mzee mmoja wao kaniambia kwa unyenyekevu kwamba kaoa na kaozesha sana, lakini hajawahi kupokewa hivi. Mimi nalia moto, moto! Yeye anajibu, ndiyo, tunauona, mashallah.

Hapo katoka Dona Lígia. Alikuwa anajipamba kwa ajili ya harusi, kajipaka msiro, ile dawa ya mti ya urembo, uso mzima, mweupe pe, anakuja mbio. Nilidhani malaika kaja kunichukua, nikaanza shahada. Kumbe ananiita vizinho, kwa ukali kuliko siku zote. Kaamuru watu wote nyuma, mpaka msikitini. Kaamuru mtu asithubutu kuuzima ule moto wa juu. Wacha gesi iungulie huko huko angani. Kilichotakiwa ni maji, maji mengi, kuipoza mitungi kutoka nyuma ya ukuta.

Maji! Bomba la mtaa lina wiki halijatoa hata tone.

Na hapo, kutoka nyuma ya ua, akatokea Ussi na mapipa yake matatu. Yamejaa. Kavua kanzu, kapanga watu mstari, ndoo zikaenda. Mwenyewe kashika gunia bichi, akaupiga ule ua wa makuti mpaka moto ukajuta. Mapipa yalipokaribia kwisha, magari ya wenzake Dona Lígia yalikuwa yameshafika, na ule ulimi ulikuwa umefupika, ukawa kama mshumaa, ukazimika.

Nyumba imesimama. Ukuta mweusi, ua nusu. Watu wote wazima. Nimewahesabu, nikawahesabu tena.

Baadaye nimemuuliza Ussi yale mapipa aliyaweka pale kwa nini. Kasema: shemeji, nilisikia unafungua jiko.

Ijumaa, 7 Novemba

Harusi imefungwa! Yusra ni mke wa Anuar. Hina ya mkono wa kulia imechafuka kidogo pale aliposhika mlango akikimbia. Shangazi za Quionga wamesema ni ua zuri, la mtindo mpya.

Chakula kapika Ussi. Kwa kuni. Mimi nimepewa kazi ya kupepea nzi, nimewapepea vizuri. Pilau imetoka punje punje, na nazi ya mchuzi ilikuwa nzito kama udongo wa mfinyanzi. Nimekula sahani mbili. Ya tatu nilikula nikiwa nimegeukia ukuta.

Kabla ya chakula, Dona Lígia kanichukua uani. Uso kanawa, lakini nilimwogopa zaidi. Kaifungua valvu mbele yangu na mbele ya Mwanawetu. Kwanza katoa pamba yangu kwenye pembe ya kushoto. Kaivuta, kaivuta, ikatoka ndefu, nyeusi, inanuka. Hakuuliza ni ya nani. Mji mzima unajua baba yangu alikuwa nani. Mwanawetu katazama pamba, kanitazama mimi, katazama pamba.

Kisha katuonyesha pembe bubu. Kile kipande laini ndani hakipo. Kimeyeyuka, kimedondoka kama nta. Kasema hiyo ndiyo kazi yake: haijali gesi ina nguvu kiasi gani, inangoja joto la moto tu. Moto ukifika, inajitoa yenyewe ili gesi ipate njia ya kwenda juu. Isingeyeyuka, na ile nyingine imezibwa, mtungi ungepasuka. Akatazama ule ukuta, na nyuma yake jiko, na visu vya vitunguu vilivyokuwa bado sakafuni.

Mwanawetu kakaa chini kwenye ndoo. Mimi pia. Nilitegemea anitukane. Kanishika mkono. Kasema: Baba Yusra, mshukuru Mungu, halafu mshukuru yule mwanamke, halafu mshukuru kaka yangu, halafu ndipo nitakuambia yangu.

Nimeshukuru kwa mpangilio huo. Mungu, msikitini, kwa sijda ndefu. Dona Lígia, kwa sahani iliyofunikwa na kwa machozi. Naye kasema vizinho, kwa mara ya kwanza kwa upole, na kwamba ataagiza valvu mpya, na ile ya zamani niitupe. Kisha Ussi. Nimesimama mbele ya watu wote nikasema kwamba shemeji yangu ameokoa nyumba yangu na heshima yangu, na wali wake hauna mfano. Ussi kajikuna kidevu. Kasema si kitu, shemeji. Moto wako unakwenda juu, wangu unakaa chini. Sufuria ndiyo haijui kuruka.

Watu wamecheka mpaka wengine wakashika nguzo. Nami nimecheka. Wallahi, kicheko cha watu wote wakiwa wazima, hakuna aliyepungua, ni kitamu kuliko sifa.

Na lile la Mwanawetu kaniambia baadaye. Siliandiki. Lilikuwa refu, na lote ni kweli.

Jumapili, 9 Novemba

Leo nimeamka nimejaa shukrani. Sijui kukaa na shukrani bila kuifanyia kitu.

Habari zimetoka Quionga: huko wanausifu mtindo wa harusi wa Palma, na familia mbili zimeuliza ule moto wa juu unapatikana wapi. Nimewaambia wasubiri.

Lakini la leo ni Ussi. Jana kamnong'oneza dada yake kwamba anafikiria kununua mtungi mmoja wa gesi, wa kuchemshia chai ya wazee tu, nisijue. Mwanawetu kaniambia palepale. Moyo umeniruka! Mtu aliyeniokoa anaingia kwenye gesi, peke yake, bila mtaalamu. Nimpe nini? Nimempa shukrani ya ulimi, haitoshi. Nitampa valvu.

Ile ya zamani sikuitupa. Kutupa shaba ni dhambi. Nimeisugua kwa majivu na ndimu, inang'aa. Nimekaa nayo asubuhi nzima nikiichunguza kama mtu mwenye elimu, maana sasa ninayo, na nimezigundua kasoro zake zote mbili.

Ya kwanza: pembe bubu. Wametia madini laini mno. Joto kidogo tu, yakayeyuka! Kazi ya kizembe. Nimetia bolti ya chuma, nimeikaza mpaka mishipa imenisimama. Hii haitayeyuka hata Jehanamu.

Ya pili: pembe ya kushoto itamsonya, na Ussi ni mtu mwenye heshima zake, hastahili kusonywa na kitu nilichomzawadia mimi. Kwa hiyo nimeikalafati upya. Lakini mtu hujifunza! Safari hii nimetumia mafuta ya nazi. Kosa langu lote, tangu mwanzo mpaka mwisho, lilikuwa mafuta ya papa.

Sasa iko tayari. Nimeiweka juu ya tenga, nimeifunika kwa kanga, kipande kilichobaki cha ile doti, maana zawadi haiendi kwa mtu ikinuka moshi. Chetezo kiko chini yake, udi ni ule mzuri. Naandika huku naungoja uingie.

Mwanawetu kaita kutoka jikoni, anauliza nini kinaungua.

Nimemjibu: shukrani.